Kikokotoo na Maisha Baada ya Ajira: Mazungumzo na Watumishi Wanaokaribia Kustaafu



Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya mafao ya uzeeni, na tunajua neno lililo vinywani mwa wengi wenu ni moja: kikokotoo. Tuanze nalo.

Tangu Agosti 2018, mifuko minne ya zamani, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF. Kila mwezi mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri asilimia 15. Posho hazimo katika hesabu hiyo, ingawa wengi wetu tumezizoea kana kwamba ni mshahara wa pili. Anayepanga uzee wake kwa kutazama jumla ya anachopokea leo, posho zikiwamo, anajidanganya.

Tuchukue mfano. Mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, katika miaka mitatu iliyo bora, amechangia miezi 360. Mshahara wake wa mwaka ni 14,400,000. Zidisha kwa 360, kisha gawanya kwa 580: pensheni kamili ya mwaka ni takriban 8,938,000. Sehemu ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Inayobaki hulipwa kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake.

Kwa asilimia 33, iliyoanza kutumika Julai 2022, mkupuo wake ungekuwa kama milioni 36.9, na pensheni ya mwezi kama 499,000. Kwa asilimia 40, ambayo Serikali iliitangaza katika bajeti ya 2024/25 kwa kundi lililokuwa likilipwa nusu hapo zamani, mkupuo unafika milioni 44.7, lakini pensheni ya mwezi inashuka hadi kama 447,000. Nyongeza ya milioni 7.8 inalipiwa kwa shilingi 52,000 kila mwezi. Baada ya miezi 150 hesabu hizo mbili hulingana. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atakuwa na miaka 72 na nusu. Kiwango hukichagui wewe, sheria imekwisha kukiweka. Tunaeleza hivi kwa sababu manung'uniko mengi hutazama mkupuo peke yake, ilhali pensheni ya mwezi ndiyo itakayonunua unga na dawa.

Kwa hiyo hatukubaliani na ushauri unaozagaa kwamba mkupuo wote uingizwe katika biashara mara tu unapopokelewa. Mtu ambaye hajawahi kufuga kuku mia moja asianze na elfu tatu akiwa na miaka 60. Aanze sasa, kwa mshahara, apate hasara ndogo angali na kipato. Nyumba nayo ijengwe kabla, hata kwa chumba kimoja kimoja.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Omba taarifa ya michango yako ungali kazini, na uipitie mwezi kwa mwezi, hasa ikiwa ulihama kutoka mwajiri mmoja hadi mwingine. Anayetaka pensheni anahitaji angalau miezi 180 ya michango. Mwezi usiowasilishwa ni rahisi kuufuatilia wakati mhasibu aliyehusika angalipo ofisini. Linganisha majina pia. Aliyeandikwa Mohamed katika barua ya ajira na Muhammad katika kitambulisho cha taifa alirekebishe mapema, si wiki ya kuaga. Mwenzi wako na aonyeshwe zilipo hati hizi, pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa mafao ya warithi hudaiwa na walio hai.

Mwisho, mtapigiwa simu. Mtu atakutajia jina lako kamili na tarehe yako ya kustaafu, kisha atataka umtumie fedha ili faili lako lisogezwe. Mafao hayalipiwi ada ya kuharakishwa. Kata simu, usitaje namba ya siri, nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko iliyo karibu.