Mtoto Alipoacha Kuuliza

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Somo: Ayubu 38:39 mpaka 39:30

 Twajua kwamba saa hii wengine wenu mnakunywa chai kwa haraka, na wengine mmo ndani ya matatu mkielekea kazini. Twawaomba dakika chache tu. Leo twataka kuzungumza habari ya neno moja ambalo sisi wazazi hulisema kwa urahisi sana, nalo ni hili, "Tutakwenda siku nyingine."

Sisi ni mume na mke, na Mungu ametujalia watoto wawili. Tunakaa Rongai. Waijuao Rongai wanajua kwamba ng'ambo ya mto Mbagathi ndiko iliko Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ambayo ilikuwa mbuga ya taifa ya kwanza katika nchi yetu, mwaka wa 1946. Usiku ukitulia, mara nyingine simba husikika akinguruma upande ule. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kumtazama simba huyo. Watoto wetu walikuwa wakimsikia kitandani mwao, lakini hawakuwa wamemwona hata siku moja.

Sababu yake ni hii. Mmoja wetu ameajiriwa katika ofisi mjini, na pamoja na kazi hiyo alikuwa akisoma chuo kikuu jioni, ili apate shahada ya uzamili. Hatutasema ni yupi kati yetu, kwa maana mzigo ulikuwa wa wote wawili. Mwingine naye ni mwalimu, na shughuli za nyumba na za watoto zote zilimwangukia yeye. Masomo ya darasani yalikwisha, ikabaki kuandika tasnifu.

Asiyewahi kuandika tasnifu aweza kudhani ni kama barua ndefu. Sivyo. Unaandika sura, msimamizi anairudisha ikiwa imejaa masahihisho, unaiandika upya. Unakwenda kuwauliza watu maswali, unayahesabu majibu yao, halafu unagundua kwamba umelisahau swali lililo kubwa kuliko yote. Darasani kuna kengele ya kutoka, bali tasnifu haina kengele. Hukufuata mezani, hukufuata hata kanisani. Mchungaji anahubiri, nawe unaiwaza sura ya tatu.

Basi maisha yetu yalikuwa hivi. Kutoka ofisini saa kumi na moja, kukaa katika msongamano wa magari barabara ya Magadi, kufika nyumbani saa mbili. Kula upesi, kisha kufungua kompyuta mpaka saa saba za usiku. Jumamosi ni maktaba. Jumapili ni ibada, na baada ya chakula cha mchana kompyuta inafunguliwa tena.

Watoto waliomba tuwapeleke mbugani likizo ya Agosti. Tukasema ndiyo. Wiki ile ile ofisi ikataka hesabu za mwaka zimalizwe, tukawaambia tutakwenda Desemba. Desemba ilipofika, msimamizi alirudisha sura mbili kwa pamoja, akitaka kuziona tena kabla ya Krismasi. Tukasema Aprili. Aprili fedha zilikuwa zimekwenda kwenye karo ya chuo. Kila mara tulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Jambo hili latutisha tukilikumbuka, kwamba mtu aweza kuvunja ahadi mara tatu na asiwe amesema uongo hata mara moja.

Agosti nyingine ikaja, na hapana aliyeuliza. Tulifurahi. Tuliambiana, "Watoto wamekua, sasa wanaelewa." Siku ya kufunga shule yule mdogo, aliyekuwa Gredi ya Tatu, akaleta daftari lake nyumbani. Mwalimu alikuwa amewaambia wachore mnyama wa porini ambaye wamemwona, na waandike walimwona wapi. Mtoto wetu alikuwa amechora ua wa waya na nyasi ndefu, bila mnyama yeyote. Chini yake alikuwa ameandika, "Simba yuko nyuma ya ua. Nilimsikia."

Tukamwuliza kwa nini hakutukumbusha habari ya ile safari. Hakukasirika wala hakulia. Alisema tu, "Niliona mna kazi."

Wapendwa, mtoto asumbuaye kwa kuuliza kila siku bado ana tumaini kwa wazazi wake. Akinyamaza, tusidhani upesi kwamba ameridhika. Bwana wetu aliuliza kama yuko mzazi ambaye ataombwa mkate na mwanawe ampe jiwe. Sisi hatukutoa jiwe. Tulitoa "siku nyingine", tukitoa tena na tena, mpaka mtoto akajifunza kutoomba.

Jumamosi iliyofuata tuliazima gari la jirani, na saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumefika lango la Lang'ata. Tungependa kuwaambia kwamba siku ile ilikuwa njema tangu mwanzo, lakini haikuwa hivyo. Mmoja wetu alikuwa ameiweka sura ya nne ndani ya kikapu, chini ya mkate na chupa ya chai, akisema ni kwa ajili ya nafasi ikipatikana.

Tulikuta magari kadhaa yamesimama. Simba jike alikuwa amelala majani mafupi, karibu na njia. Simba hupumzika sana, hata saa 20 katika siku moja, na huyu hakuwa na haraka yoyote. Nusu saa ikapita, haonyeshi kitu ila kutikisa sikio. Basi karatasi zikatolewa kikapuni, na kalamu nayo ikatolewa. Baada ya muda tukasikia sauti ya mtoto kutoka kiti cha nyuma, ikisema polepole, "Ameshakwenda."

Simba alikuwa ameinuka, akapita mbele ya gari letu, akaingia vichakani na watoto wake wawili wakimfuata. Aliyeshika kalamu aliona majani yakitikisika tu. Mwingine wetu akakasirika, na maneno yasiyofaa yakasemwa mle garini, watoto wakisikia. Twaungama hayo mbele yenu kama tulivyoungama mbele za Mungu.

Tukaendelea na safari bila kusemezana. Mbele kidogo, kabla jua halijawa kali, tulimwona mbuni dume, mweusi, amekaa chini. Jike wa rangi ya kijivu akaja taratibu, dume akainuka, na jike akakaa mahali pale pale. Baadaye, mahali pa kupumzikia, watoto walimwuliza askari wa mbuga maana yake ni nini. Akawaeleza kwamba mbuni hulalia mayai kwa zamu kwa muda wa siku 40 hivi. Dume hukaa usiku, kwa kuwa weusi wake hauonekani gizani. Jike hukaa mchana, kwa kuwa rangi yake yafanana na udongo na majani makavu. Mmoja akilalia, mwingine huenda kula.

Yule mkubwa wetu akasema, "Kumbe wanapokezana." Hakuwa akitusema sisi, lakini tulisikia.

Usiku ule, watoto walipokwisha lala, tulifungua kitabu cha Ayubu. Mnaikumbuka habari yake. Ayubu alikuwa na maswali mazito, na rafiki zake walibishana naye sura nyingi, kila mmoja akileta hoja zake. Mwishowe Mungu mwenyewe akasema naye kutoka katika upepo wa kisulisuli. Sisi tungetazamia kwamba Mungu angempa Ayubu hoja kubwa kuliko zote. Badala yake alimwonyesha wanyama. Alimwuliza habari za simba na mawindo yake, za kunguru na makinda yake, za mbuzi wa majabali wanapozaa, za punda mwitu, za nyati, za farasi, za mwewe na za tai. Ayubu hakuulizwa wanyama hao wana faida gani kwake. Alitakiwa awatazame, atambue kwamba dunia hii inalishwa na kutunzwa na Mwingine, hata yeye Ayubu akiwa amekaa majivuni.

Mbuni naye yumo katika sura ile, na asemwa kuwa hakupewa hekima. Hata hivyo huyo asiye na hekima, Mungu amempa zamu. Nasi tuliokuwa tukitafuta shahada hatukuwa nayo.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kusoma ni dhambi, wala kwamba mwajiri aibiwe saa zake ili watu waende matembezi. Danieli alijifunza elimu ya Wakaldayo na Mungu akawa pamoja naye. Mtu akipewa kazi, na aifanye vizuri. Lakini twaona katika Injili ya Marko, sura ya 6, kwamba mitume walipokosa hata nafasi ya kula, Bwana aliwaita waende kando wapumzike. Makutano wakawatangulia huko, naye akawahurumia, akawafundisha, akawalisha. Kisha jioni ile ile akawaaga makutano, akapanda mlimani kuomba. Watu wengi tunajua kuwahurumia makutano, lakini hatujui kuwaaga. Ofisi ni makutano. Tasnifu ni makutano. Haviondoki vyenyewe mpaka viagwe.

Basi tulifanya mambo matatu. Kwanza, tuliwaomba watoto msamaha, kwa ahadi zile tatu na kwa maneno yaliyosemwa garini. Si rahisi mzazi kumwomba mtoto msamaha, lakini hatukupungukiwa na heshima.

Pili, tuliandikia chuo barua kuomba muda zaidi. Tukapewa. Gharama yake ilikuwa karo nyingine, na kuwatazama wenzetu wa darasa wakivaa majoho bila sisi. Nafasi ya cheo iliyotangazwa ofisini ilipita pia, kwa kuwa ilihitaji shahada hiyo. Tunayasema haya ili mtu asidhani kwamba jambo hili halina bei.

Tatu, tulipanga zamu. Mwenye tasnifu huamka saa kumi alfajiri, huandika mpaka saa kumi na mbili, na mwenzake huwatayarisha watoto. Jioni kompyuta haifunguliwi mpaka watoto wamelala, na saa nne hufungwa. Jumatano jioni ni zamu ya yule mwingine kwenda mazoezi ya kwaya, kwa maana naye ana karama aliyoiacha muda mrefu. Na Jumamosi moja kila mwezi ni ya kutoka pamoja. Si kila mara tuna fedha za kuingia mbugani. Siku nyingine tunatembea tu kwa miguu kutazama mwewe wakizunguka juu ya soko. Yule yule mwewe ambaye Mungu alimtaja kwa Ayubu yuko Rongai, na kumtazama hakuna kiingilio.

Hatujafaulu kila mwezi. Mwezi uliopita Jumamosi yetu ilipotea kwa sababu ya kazi ya ofisi. Wala tasnifu haijakwisha, zimebaki sura mbili. Lakini Jumatatu ya juzi, tukiwa mezani, yule mdogo aliuliza, "Tutakwenda lini tena?" Zamani swali hilo lilikuwa likituchosha. Siku ile tulitazamana, tukamshukuru Mungu, kisha tukaichukua kalenda na kumwonyesha siku yenyewe.

Ndugu msikilizaji, huenda kwako si tasnifu. Huenda ni duka, ni shamba, au ni mikutano ya kanisa lenyewe. Leo jioni ukifika nyumbani, jiulize kama yuko mtu aliyeacha kukuuliza.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, wewe huchoki tukikuuliza. Utusamehe ahadi tulizozivunja. Utupe nguvu za kazi tuliyo nayo, na moyo wa kuiweka chini saa yake ikifika. Uwape tena watoto wetu ujasiri wa kutuomba, nasi utupe neema ya kuwapa. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.