Umeme Ukikatika, Utasema Nini?

(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya kukariri na kutayarisha slaidi za mazungumzo. Nimekubali, si kwa kuwa ni bingwa, bali kwa kuwa niliwahi kuumbuka.

Nilikuwa mhandisi wa maji. Siku moja nilisimama mbele ya kamati ya wafadhili kukiombea kijiji kimoja kisima. Nilikuwa na slaidi 34, kila moja imejaa maandishi kama gazeti. Nilipofika ya sita, umeme ukakatika. Mwenyekiti akasema, "Endelea tu, bwana, tunakusikia." Nikanyamaza. Sikukumbuka kina cha kisima wala makadirio ya gharama. Yote yalikuwa ndani ya mashine, kichwani hamna kitu. Aliyeniokoa aibu ni mzee wa kijiji niliyekuja naye. Bila karatasi, alitaja kaya zote kitongoji kwa kitongoji, na saa wanazoondoka akina mama kwenda mtoni. Lakini kamati ilitaka hesabu za mhandisi, na mhandisi hakuwa nazo. Ombi likaahirishwa mwaka mzima, na mwaka mzima akina mama wakaendelea kubeba ndoo.

Tangu hapo nikaanza kujifunza upya.

Kwanza, kukariri. Sisi hapa tulikuwa tukisoma daftari mara tano usiku wa kuamkia mtihani, tukadhani tumejua. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu cha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi zaidi saa za mwanzo, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku yanafaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani walieleza jaribio lao. Wanafunzi walisoma habari moja mara mbili, na nyingine mara moja tu, kisha wakaandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, ile iliyosomwa mara mbili iliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: iliyojaribiwa ilikumbukwa asilimia 56, iliyosomwa tu asilimia 42.

Kwa hiyo, kijana, soma, funika daftari, andika unachokumbuka, kisha funua ujisahihishe. Rudia kesho, rudia wiki ijayo. Mtoto wa madrasa analijua hili: hatosheki kuutazama msahafu, humsomea mwalimu kwa moyo.

Pili, slaidi. Januari 2003, chombo cha Columbia kikiwa angani, wahandisi waliwaonyesha wakubwa wao slaidi kuhusu kipande cha povu kilichogonga bawa. Kichwa chake kilileta matumaini. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ndipo palipokuwa na jambo zito: povu lile lilikuwa kubwa mara mamia kuliko lililowahi kujaribiwa. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika na watu 7 wakafa. Sisemi slaidi ndiyo iliyowaua, ila tume ya uchunguzi iliitaja kuwa mfano wa jinsi jambo la kufa na kupona linavyoweza kufichwa na mpangilio mbaya.

Basi shikeni haya. Andika kwanza hotuba yako kwenye karatasi, ndipo utengeneze slaidi. Slaidi moja, jambo moja, na lililo zito likae juu. Herufi ziwe kubwa, zisomeke na aliyekaa nyuma kabisa. Usiwasomee watu maandishi wanayoyaona, wanajua kusoma. Weka picha, ramani au mchoro, maneno uyaseme wewe. Mwisho, fanya mazoezi mara mbili mashine ikiwa imezimwa. Ukikwama mahali, hapo hujapajua bado.

Mwaka uliofuata nilirudi mbele ya kamati ile na slaidi 8, na takwimu zote kichwani. Umeme haukukatika. Kisima kilichimbwa. Yule mzee aliponiona siku ya kukifungua aliniuliza, "Mhandisi, leo unakumbuka kina chake?" Nikamjibu papo hapo.