Nasaba Ipimwe Kabla ya Zizi Kudhoofika

Mfugaji wa Bambu, huko Djugu, ambaye vita vya Ituri, mashariki mwa Kongo, vimemwachia mbuzi wachache, akawa hana budi kuanza upya na beberu mmoja, yafaa azingatie yaliyowafika simba wa kreta ya Ngorongoro, Tanzania: mwaka 1962 inzi wanaouma waliwaangamiza hata wakabaki takriban kumi, na ingawa idadi yao iliongezeka baadaye, wataalamu walibaini kwamba kizazi chote kilitokana na wazazi 15 tu, na kwamba mbegu za madume wao zilikuwa na kasoro nyingi kuliko za simba wa Serengeti.

Hesabu ya kupima athari ya udugu wa karibu kati ya wazazi aliiweka Sewall Wright wa Marekani mwaka 1922: beberu akimpanda binti yake, uwezekano wa mwana kurithi nakala mbili za jeni ile ile moja ni asilimia 25, akimpanda dada yake wa baba tu, ni asilimia 12.5. Hapo ndipo ila zilizofichika katika nasaba hudhihiri, mimba zikaharibika, na mwana akazaliwa dhaifu, asiweze hata kusimama kuifikia chuchu ya mamaye.

Wingi wa mifugo, basi, si dalili ya siha. Twawasihi wafugaji wa Djugu wabadilishane mabeberu kabla binti hawajakomaa, waandike baba na mama wa kila mwana. Nao wanaowagawia wahamishwa mifugo ya msaada wasiwape wanyama wa tumbo moja.