Jani Lililoliwa: Mmea wa Asili Utambaao katika Bustani ya Viumbe wa Porini

Mada iliyosomwa katika semina ya upandaji wa mimea ya asili, Ulemo, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida



Utangulizi

Naomba idhini nizungumze juu ya mmea mmoja tu, kwa kuwa naamini kwamba mtu aliyeujua mmea mmoja barabara, tangu mzizi wake hata mdudu aulaye, ameijua bustani kuliko yule aliyehifadhi majina mia. Bustani ya viumbe wa porini ni ile ambayo mwenyewe huipanda si kwa ajili ya macho na tumbo lake peke yake, bali ili ndege, nyuki, vipepeo na wadudu wengineo wapate riziki na maskani. Na katika mkoa wetu huu, ambako mvua ni ya msimu mmoja, ikianza aghalabu Novemba au Disemba na kukatika mwezi wa Aprili au Mei, bustani ya namna hiyo haina budi kutegemea mimea iliyokwisha kuizoea kiu.

Mmea wenyewe

Katika mada hii nitauita mtango-pori, kwani ni wa ukoo wa matango, maboga na matikiti. Wataalamu huuita Coccinia grandis, na Wahindi, ambao hulipika tunda lake bichi kuwa mboga, huliita tindora. Ni mwenyeji wa nyika za Afrika, huparamia vichaka na nyua bila kupandwa na mtu. Chini ya ardhi una mzizi mnene uliohifadhi maji na chakula, na kwa sababu hiyo, hata kiangazi kikiukausha juu ukadhaniwa umekufa, mvua za kwanza huurejeshea uhai, nao hurefuka kwa kasi ambayo mpandaji asiyeuzoea huweza kuiogopa. Ua lake ni jeupe lenye ncha tano. Tunda ni la urefu wa kidole, la kijani lenye michirizi myeupe lingali bichi, na likiiva huwa jekundu kama ushanga, ndipo ndege wakalijia, wakala nyama yake na kuzitapanya mbegu.

Mtu akiinama akakitazama kikono chake, ule uzi mwembamba utokao ubavuni mwa shina, ataona hekima kubwa: kikishashika kijiti, hujisokota nusu upande huu na nusu upande wa pili, kikawa mfano wa springi, hata upepo uvumapo mmea huvutika ukarudi mahali pake, wala haukatiki.

Ibra ya ng'ambo

Nguvu hiyo ya kukua na kuparamia ndiyo inayowatia watu hofu, na hofu yao si bure. Mmea huu huu ulipofikishwa visiwa vya Hawaii na Guam, katika bahari ya Pasifiki, ulitoka mabustanini ukaparamia miti, nyua na nguzo, ukaifunika miti hata ikanyimwa jua. Tabia yake haikubadilika. Ila kule ulifika peke yake, ukiwa umewaacha nyuma wale wote wanaoula. Wataalamu wa kilimo wa Hawaii walipoitafuta dawa yake walikuja Afrika ya Mashariki, na kutoka Kenya wakapata wadudu watatu: nondo aitwaye Melittia oedipus, ambaye mabuu wake hutoboa mashina na mizizi, aliyeachiliwa huko mwaka 1996, na fukusi wa aina mbili za jenasi Acythopeus, walioachiliwa mwaka 1999. Basi kile ambacho wenzetu walikisafiria bahari mbili, sisi tunacho uani, na pengine tunakinyunyizia sumu.

Mlaji mmoja wa hapa kwetu nilimshuhudia mwenyewe: asubuhi moja, nikiwa nimekaa kando ya ua wa minyaa ulioparamiwa na mmea huu, nilimwona kidudu wa mgongo wa mviringo, rangi ya chungwa na madoa meusi, akitembea juu ya jani. Hakuanza kula. Kwanza alizunguka polepole, akilikata jani kwa duara kama mtu achoraye mpaka wa kiwanja, akaacha nyuzi chache tu za kulishikilia. Kisha akaingia ndani ya duara lake, akala. Mimea ya ukoo wa maboga ikijeruhiwa huvujisha utomvu unaonata, ambao huweza kuyagandisha meno ya mlaji. Na kidudu yule, kwa kukata duara, alikuwa akiukata mfereji wa utomvu huo kabla hajaketi kwenye riziki yake. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa siku moja. Ni ya mmea na mdudu waliokaa pamoja dahari na dahari.

Namna ya kuupanda

Mtango-pori, kama mpapai, una dume na jike mbalimbali, na asiyelijua hilo huweza kungoja tunda miaka mingi bila kulipata. Kwa hiyo ni afadhali kupanda vipande vya shina kuliko mbegu, kwani mbegu haibainishi jinsia yake mpaka mmea uchanue. Kata shina lililokomaa, kila kipande urefu wa shibiri, chenye vifundo viwili au vitatu, ukachomeke mvua zinapoanza. Dume moja hutosha majike kadhaa. Uelekeze kwenye ua wa minyaa au uzio wa miiba, abadan usiuache juu ya mche mchanga wa matunda. Uwe mbali na shamba la matikiti na maboga, kwani nzi wa matunda hula huku na huku. Machipukizi yaliyozidi yapunguzwe kila mara, na majani yake machanga ni mboga. Fauka ya hayo, usimpe msafiri mbegu zake kuzipeleka nchi ya mbali. Habari za Hawaii zatosha.

Hitimisho

Nasaha yangu kwa hadhara hii ni moja. Mmea wa asili wenye nguvu hauogopwi pale walaji wake walipo, kwani wao ndio waupogoao usiku na mchana bila ujira. Na anayewaua walaji hao ili majani yapendeze, ndiye anayeugeuza mwenyeji kuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe. Mkulima wa alizeti ana haki ya kusikitika aonapo jani limetobolewa. Lakini mwenye bustani ya viumbe wa porini, akipita asubuhi akakuta majani yote mazima, hayana hata tundu moja, na asimame aulize ni nani ambaye safari hii hakuja.