Milima ya Kivu na Gharama ya Ulinzi



Katika mazungumzo yetu ya leo kuhusu nchi jirani, tutalitazama jimbo la Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wake wa kaskazini ipo milima ya Ruwenzori, yenye kilele cha mita 5,109 na theluji karibu kabisa na ikweta. Kusini upo Nyiragongo, mlima wa volkano wenye mita 3,470. Yote miwili imo katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambamo wanaishi pia gorila wa milimani, ambao duniani kote ni zaidi kidogo tu ya 1,000.

Katika miaka ya utulivu, wageni walitoka mbali kuipanda milima hiyo. Walianzia Kibati, wakapanda Nyiragongo kwa miguu kwa saa kadhaa, wakalala vibandani ukingoni mwa kasoko, ili usiku walitazame ziwa la lava likichemka chini yao. Mgeni wa namna hiyo huhitaji mpagazi, mpishi, dereva na mwongozaji, na kila mmoja wao ana jamaa wanaomtegemea. Kwa hiyo si haki kuuita utalii huo mchezo wa matajiri tu.

Lakini mapato hayo husimama juu ya amani. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipeleka Kongo kikosi maalumu chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Waasi wa M23 waliposhindwa mwishoni mwa mwaka huo, njia ilifunguka, na mwaka 2014 hifadhi ikapokea wageni tena. Gharama ya kutafuta amani katika jimbo hilo tunaifahamu: Desemba 2017, huko Semuliki, waliuawa askari wasiopungua 14 wa Tanzania.

Mei 2018 watu wenye silaha waliliteka gari la watalii kaskazini ya Goma. Askari mmoja wa hifadhi, mwanamke, aliuawa akiwalinda wageni. Waingereza wawili waliotekwa waliachiliwa baada ya siku mbili, lakini hifadhi ilifungwa kwa watalii hadi Februari 2019. Aprili 2020 askari wengine 12 wa hifadhi waliuawa kwa siku moja. Na Januari 2025 mji wenyewe wa Goma, lango la milima hiyo, ulitekwa na M23.

Tujiulize: kwa nini msitu unapiganiwa hivi? Kwa sababu msitu ni mali. Kuna makaa, mbao na samaki wa Ziwa Edward, na anayeishika njia huwatoza wapitao. Askari wa hifadhi anapozuia biashara hiyo, huzuia hazina ya vita.

Hata hivyo bunduki peke yake haitoshi. Mwanakijiji aliyekatazwa kuni na shamba, na asiyepata chochote kutokana na mgeni, hana sababu ya kutoa habari anapowaona watu asiowajua wakipita usiku. Yule ambaye mwanawe ni mpagazi mlimani ana sababu. Mlinzi mwenye kuheshimiwa na wenyeji huona mbali kuliko mwenye kuogopwa tu.

Ndugu askari, wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi nasi tuna milima, mbuga na mipaka mirefu. Tusingoje gari lishambuliwe ndipo tujifunze kwamba doria ya kila siku na uhusiano mwema na vijiji ni kazi moja. Askari anayesimama kizuizini usiku wa mvua huenda asimwone kamwe mgeni anayefika kileleni asubuhi. Lakini mgeni yule amefika kwa sababu yeye hakulala.