Kuagana na Kukabidhiana

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wahitimu)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu wetu wastaafu mliokubali kuja ingawa barabara ni mbaya, ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti:

Nimeombwa nizungumzie habari ya kuwaaga wamisionari. Najua wako waliojiuliza kwa nini mtumishi wa serikali apewe mada ya kanisa, tena mbele ya watu wa dini mbalimbali kama sisi. Jibu langu ni fupi. Katika utumishi wangu nimehamishwa mara tano, nimeagwa mara tano, nimezawadiwa saa za ukutani nne, na kila nilipofika kituo kipya kitu cha kwanza nilichoulizia ni hati ya makabidhiano. Mara nyingine niliipata. Mara nyingine niliambiwa kwamba sherehe ya kumwaga aliyenitangulia ilifana sana.

Mfano wangu leo ni mtu ambaye wazee wa huku kusini wanamfahamu, Askofu Trevor Huddleston. Aliagwa mara mbili katika bara letu, na maagano hayo mawili hayafanani.

Huddleston alizaliwa Bedford, Uingereza, mwaka 1913. Akawa mtawa wa shirika la Kianglikana lenye makao yake Mirfield. Nilipokuwa masomoni Leeds nilipanda treni siku moja kwenda kupatazama, maana si mbali. Ni mahali pa kimya na baridi, na nilishangaa kwamba kutoka kimya kile alitoka mtu aliyeisumbua serikali ya makaburu kiasi kile. Mwaka 1943 shirika lake lilimpeleka Johannesburg, akawa padri wa Sophiatown, mtaa ambao Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja chake mwenyewe katika nchi iliyokuwa ikimnyima karibu kila kitu.

Familia za Sophiatown zilimpenda, na sababu zake ni ndogo ndogo ukizihesabu moja moja. Kijana mmoja alikuwa amesimama na mama yake, mfanyakazi wa jikoni. Padri huyu alipopita akamvulia mama yule kofia. Kwa nchi ile na wakati ule, mzungu kumvulia kofia mama mweusi aliyevaa nguo za kazi lilikuwa jambo la kumfanya mtoto asilale usiku. Baadaye kijana yule aliugua kifua kikuu akalazwa miezi mingi, na padri akawa anakwenda kumtazama kila juma. Kijana huyo ni Desmond Tutu, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Cape Town. Kijana mwingine, Hugh Masekela, alikuwa mwanafunzi katika shule ya Mt. Petro iliyokuwa chini ya usimamizi wa Huddleston. Alikuwa mtundu. Padri alimwuliza anataka nini maishani, akasema akipata tarumbeta hatasumbua mtu tena. Akanunuliwa tarumbeta. Wanafunzi, msichukue habari hii kama njia ya kudai vyombo kwa Mwalimu Mkuu.

Tarehe 9 Februari 1955 polisi wapatao 2,000 waliingia Sophiatown na watu wakaanza kupakiwa kwenye malori, wao na makabati yao, kupelekwa Meadowlands. Huddleston alikuwa amepinga kwa kila njia. Mwezi Juni mwaka ule ule, katika mkutano mkubwa wa Kliptown, wananchi walimtunukia Isitwalandwe, heshima ya juu kabisa waliyokuwa nayo, pamoja na Chifu Luthuli na Dk. Yusuf Dadoo. Kabla mwaka haujaisha mkuu wa shirika lake akamwita arudi Uingereza. Mtawa ameweka nadhiri ya utii, hivyo hakuwa na la kujibu. Akaondoka mwanzoni mwa 1956.

Sasa fikirini familia zile. Nyumba inavunjwa, shule ya watoto inafungwa mwaka huo huo kwa sababu wenyewe walikataa kuiendesha chini ya sheria ya elimu ya kibaguzi, na mtu aliyekuwa akiwasemea anapanda ndege. Ataagwa kwa nini? Familia ya akina Tutu ilipata mtoto wa kiume mwaka ule ule, ikampa jina Trevor. Hapa kwetu tunaelewa maana yake. Mtu ukimpa mwanao jina la mwingine, yule ni somo wake, na nyumba hiyo ni yake hata akiwa ng'ambo ya bahari. Naye hakuwasahau. Alipopitia Marekani alimweleza Louis Armstrong habari za wale vijana wa bendi, na Armstrong akawapelekea tarumbeta yake. Lakini kwa lugha ya ofisini, hapakuwa na makabidhiano. Aliitwa, akaenda. Hapakuwa na muda wa kumwandaa mtu, na mtaa wenyewe ulikuwa unafutwa. Walichobaki nacho watu wale kilikuwa vichwani mwao na katika majina ya watoto wao.

Mwaka 1960 mtu huyo huyo alikuja huku kwetu, akawa Askofu wa Masasi. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Steere alipofika na watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Tangu hapo hadi Huddleston aondoke ni miaka 92, na katika miaka hiyo yote askofu alikuwa mgeni. Huddleston alilitazama jambo hili akiwa katika nchi iliyopata uhuru mwaka 1961, nchi yenye Rais mzalendo na mawaziri wazalendo. Akaona si haki aendelee kukalia kiti kile. Hakuna mkubwa aliyemwita safari hii wala serikali iliyomfukuza. Mwaka 1968 aling'atuka, na aliyeshika nafasi yake ni Askofu Hilary Chisonga, Mwafrika wa kwanza kuiongoza dayosisi hiyo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mwanamke kijana wakati huo. Alinisimulia kwamba akina mama walilia, na si kwa mapenzi tu. Mmoja wao alisema wazi, "Sasa nani atatusemea kwa wakubwa?" Bibi alilirudia swali hilo mpaka uzeeni, na nadhani hakuwahi kukubali jibu lolote. Alimheshimu sana askofu mpya. Ila katika mawazo yake msemaji alikuwa mzungu, kwa sababu maisha yake yote ndivyo alivyoona mambo yakienda. Mimi namhurumia bibi yangu, lakini naona kilio kile ndicho kilichothibitisha kwamba Huddleston alikuwa sahihi kuondoka. Angekaa miaka kumi mingine, wangemlilia zaidi, na swali lingekuwa lile lile.

Wako watakaonipinga wakiniambia habari za Dk. Leader Stirling, nao wana hoja. Daktari huyu alikuja Lulindi mwaka 1935 kama mmisionari, baadaye akaendelea na kazi Mnero. Hakuagwa kamwe. Alichukua uraia, akawa mbunge, akawa Waziri wa Afya tangu 1975 hadi 1980, na mwaka 2003 akafia nchini humu. Basi kuna njia ya tatu, ya mgeni kuacha kuwa mgeni. Lakini hata Stirling, pale Lulindi, alianza mapema kuwafundisha vijana wa mahali pale kazi ya uuguzi. Uraia wake ulikuja baadaye.

Nasema haya yote kwa sababu mnajua linalokuja. Jumapili ijayo kanisa jirani linawaaga wale wazee wawili, mume na mke, ambao wengi wetu tuliosoma hapa tulitibiwa malaria na mama na tulitundikwa somo la fizikia na baba. Kwaya imefanya mazoezi majuma matatu. Khanga zimenunuliwa, na kinyago cha Kimakonde kimeagizwa, kizito kiasi kwamba sijui ndege itakipokeaje. Vizuri. Nami nitakuwapo, na huenda nikalia, maana mama yule alinikesha siku mbili nilipokuwa kidato cha pili.

Lakini jana jioni nilikwenda nyumbani kwao nikawauliza maswali ya kiserikali. Ufunguo wa stoo ya dawa ataushika nani? Dawa zinazoletwa na michango ya marafiki wao wa nyumbani, michango hiyo itaendelea hadi lini? Vitabu vya maktaba vimeorodheshwa wapi? Mzee hakuchukizwa. Alikwenda chumbani akarudi na madaftari matatu yaliyoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili safi kuliko cha baadhi ya makatibu ninaofanya nao kazi, akasema amekuwa akingoja miaka miwili mtu amwulize. Michango itakoma mwisho wa mwaka huu. Vitabu vyote vimeorodheshwa, pamoja na majina ya walioazima na hawakurudisha, na baadhi yao nawaona hapa mbele wakitazama pembeni.

Ndugu Mwenyekiti, mganga mmoja aliyesoma hapa, ambaye ameomba nisimtaje, amekubali kushika ufunguo kuanzia Jumatatu. Maktaba imepata mwalimu. Kilichobaki ni mtu wa kuandika hesabu za dawa na kufuatilia ada zetu za kila mwezi, ambazo ndizo zitakazochukua nafasi ya ile michango. Madaftari yako kwa mweka hazina, meza ya kulia karibu na mlango, na yeye hataondoka kabla ya saa kumi.