Madini ya Kusubu Yachaguliwe kwa Kazi Yake



Leo twataka kuzungumza juu ya jambo linalotuhusu sote tunaosubu vyuma: ni madini gani yamiminwe katika kalibu?

Wengi hudhani kwamba kilicho kigumu zaidi ndicho bora. Sivyo. Tuitazame reli yetu. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na tawi linalopita hapa Kisian likafika Butere. Kwa miaka mingi viatu vya breki vya magari ya moshi vilikuwa vya chuma cha kusubu, nayo magurudumu yalikuwa ya chuma cha pua. Kiatu kilitakiwa kilike kwanza, kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko ya gurudumu. Bushi ya shaba nayo ni vivyo hivyo: hulika yenye­we ili shafti ipone.

Shaba nyekundu tukiitia bati, kama sehemu 10 katika 100, twapata bushi yenye kustahimili mzigo. Bati likizidi sana, bushi huvunjika kama kigae. Risasi kidogo husaidia shafti iteleze mafuta yakipungua, lakini hupunguza nguvu. Kila faida ina gharama yake.

Chuma cha kusubu hustahimili kubanwa, bali kikivutwa au kugongwa hupasuka. Hakifai kwa kulabu ya kuinulia mzigo. Alumini ya pistoni kuukuu ina silikoni, nayo hutiririka vizuri ndani ya kalibu. Ile ya nyaya za umeme ni laini. Zikichanganywa ovyo, hakuna ajuaye kimetoka kitu gani.

Hapo ndipo penye hatari. Kifaa kikivunjika, anayeumia ni mfanya kazi anayekitumia, na anayelaumiwa ni aliyemimina, ijapokuwa hakuambiwa ni cha kazi gani. Tena shaba ya manjano ikipata moto mwingi, zinki hutoa moshi mweupe uletao homa.

Basi twadai mambo matatu. Fundi aambiwe kazi ya kifaa kabla ya kuwasha tanuru. Vyuma chakavu vitengwe kwa aina zake. Shaba iyeyushwe mahali penye hewa ya kutosha. Na mwajiri akisema, "Mimina kilichopo," asijibu mtu mmoja peke yake, tumjibu sote.